Uliza Sheria: Mdai Yuko Unguja, Mdaiwa Yuko Ng'ambo

Barua za toleo hili zimetoka kwa wasomaji wa Unguja na Pemba wanaouza au kununua nje ya visiwa. Tumechagua zile ambazo jibu lake litawafaa wengi. Tukisema usuluhishi, tunakusudia ule wa wafanyabiashara kukubaliana kwamba mzozo wao utaamuliwa na msuluhishi badala ya hakimu, na uamuzi wake, yaani tuzo, unawafunga wote wawili.

Kituo kilichotajwa mkatabani kimefutwa

*Assalaam alaykum. Ninaagiza marumaru na vifaa vya ujenzi, duka langu liko Darajani. Mwaka 2019 nilisaini mkataba wa miaka mingi na kampuni ya Dubai. Umeandikwa kwamba migogoro yote itaamuliwa kwa kanuni za "DIFC-LCIA". Sasa nimeletewa makontena mawili ya marumaru zilizopasuka, muuzaji hataki kulipa, na nimeambiwa kituo hicho hakipo tena. Je, nimebaki na karatasi tupu?*

Waalaykum salaam. Hujabaki na karatasi tupu. Ni kweli kwamba Dubai ilikifuta kituo hicho kwa Amri namba 34 ya 2021, iliyoanza kufanya kazi Septemba mwaka huo, na shughuli zake zikakabidhiwa kituo kingine kiitwacho DIAC. Amri yenyewe inasema makubaliano yaliyofanywa kabla yake yanabaki halali na DIAC inashika nafasi ya kilichofutwa. DIAC nayo ikatoa kanuni mpya zilizoanza tarehe 21 Machi 2022.

Tatizo hutokea mzozo ukitoka nje ya Dubai, kwa sababu hakimu wa nchi nyingine anaweza kuuliza: nani kampa mtawala wa Dubai ruhusa ya kuwachagulia watu kituo wasichokikubali? Ndivyo ilivyokuwa Louisiana, Marekani. Novemba 2023 mahakama ya shirikisho ilikataa kuzipeleka kampuni mbili kwenye usuluhishi kwa hoja kwamba kituo walichokitaja hakipo na haiwezi kuwasukuma kwenye kingine. Januari 2025 mahakama ya rufaa ikautengua uamuzi huo. Ikasema kama kusudio kuu la wahusika lilikuwa kusuluhishwa, basi kufutwa kwa kituo peke yake hakuui makubaliano. Kwa hiyo upepo sasa unavuma upande wako, ila usiuache mlango wazi kwa mwenzako kuja na hoja hiyo baadaye.

Anza kwa kumwandikia muuzaji mkubaliane nyongeza ya mkataba ya sentensi mbili: kwamba popote palipoandikwa DIFC-LCIA pasomwe DIAC kwa kanuni za 2022, na pahala pa usuluhishi, yaani pale ambapo mahakama yake inausimamia usuluhishi, ni DIFC, eneo la kifedha la Dubai lenye mahakama zake lenyewe. Angalia sana nani anatia saini upande wao. Sheria ya usuluhishi ya Emirates, namba 6 ya 2018, inataka anayesaini kwa niaba ya kampuni awe na mamlaka mahususi ya kukubali usuluhishi. Meneja wa mauzo mwenye mhuri hatoshi. Omba nakala ya leseni ya biashara na ya hati ya uwakilishi iliyotaja usuluhishi waziwazi, na uiambatanishe na nyongeza hiyo.

Akikataa kusaini, fungua madai DIAC hivyohivyo na uambatanishe Amri ya 2021. Iwapo mkataba haukutaja pahala pa usuluhishi, kanuni za DIAC zinaanzia na DIFC, na mahakama ya huko inaendesha mambo kwa Kiingereza. Iwapo umetaja "Dubai" tu, tegemea ubishi wa mapema kama makusudio yalikuwa DIFC au Dubai penyewe, ambako mahakama ni za Kiarabu. Madai na madai kinzani yakijumlishwa yasipozidi dirham 1,000,000, bila kuhesabu riba na gharama za mawakili, shauri huenda kwa njia ya haraka: msuluhishi mmoja, na tuzo inalengwa kutoka ndani ya miezi 3 tangu apokee faili.

Na marumaru zenyewe usizitupe. Ita mkaguzi huru kabla hujamaliza kushusha, piga picha namba ya kontena na lakiri yake ikiwa bado imefungwa, kisha kila tabaka la mzigo kadiri linavyotolewa. Picha ya rundo la vipande uani haimwoneshi msuluhishi kama mzigo ulivunjikia kiwandani, melini au kwenye lori lako.

Nimeletewa notisi kwa barua pepe

*Kikundi chetu kiko kaskazini Pemba, tunakusanya na kusafirisha mwani mkavu. Mnunuzi wa Ulaya amelipa nusu, kisha anasema mzigo ulikuwa na unyevu na mchanga kupita kiasi. Juzi tumepata barua pepe ya mawakili wa London wakisema "usuluhishi umeanza" na kututaka tukubali msuluhishi waliyempendekeza. Mkataba unasema "usuluhishi London, sheria ya Uingereza", basi. Baadhi ya wanakikundi wanasema tunyamaze, London ni mbali.*

Tafadhali msinyamaze. Kunyamaza ndiko kunakopoteza mashauri mengi ya aina hii, na hupoteza hata yale ambayo mdaiwa alikuwa na hoja nzuri.

Kwa sheria ya Uingereza ya 1996, notisi inaweza kupelekwa kwa njia yoyote inayofika, na kama barua pepe hiyo ndiyo mliyokuwa mkiandikiana biashara, kusema hamkuiona hakutawasaidia. Mkataba wenu haukutaja idadi ya wasuluhishi, kwa hiyo sheria inasema ni mmoja. Mna siku 28 tangu mpokee ombi la kumteua kwa pamoja. Zikipita bila makubaliano, wao huenda Mahakama Kuu ya huko kuomba ateuliwe, na mtakuwa mmepoteza nafasi ya kusema neno juu ya nani atawaamulia. (Kwa wengine wanaosoma hapa: mkataba ukisema kila upande uteue wake, hali ni kali zaidi. Usipoteua kwa wakati, mwenzako anakupa notisi ya siku 7 kamili, na ukinyamaza tena msuluhishi wake anakuwa wa peke yake.) Baada ya hapo msuluhishi anaruhusiwa kuendelea bila ninyi na kutoa tuzo kwa ushahidi wa upande mmoja.

London ni mbali, tuzo yake si mbali. Tanzania imo katika Mkataba wa New York wa 1958, unaozitaka nchi wanachama kutambua na kutekeleza tuzo za nje, tangu 1964, na Uingereza imo tangu 1975. Tuzo ya London inaweza kuombwa itekelezwe hapa, na inaweza kukamata fedha zenu huko nje kabla hazijafika: malipo ya mnunuzi mwingine, au mzigo ulioko njiani ambao bado ni wenu.

Wiki hii jibuni kwa barua pepe, kwa adabu na kwa ufupi. Semeni mmepokea, hamkubali deni, mna madai kinzani ya nusu ya bei isiyolipwa, na mnahifadhi haki zenu zote pamoja na ya kupinga mamlaka ya msuluhishi. Sentensi hii ya mwisho ina uzito. Pingamizi la kwamba msuluhishi hana mamlaka lazima litolewe kabla ya kuanza kujitetea kwenye kiini cha madai. Ukijitetea kwanza, haki hiyo inaweza kupotea. Kuhusu jina walilopendekeza, ombeni wasifu wake na tamko la uhusiano wake na mnunuzi au mawakili hao. Marekebisho ya 2025 ya sheria hiyo ya Uingereza yameandika wajibu wa kutangaza mahusiano hayo ndani ya sheria yenyewe. Zamani ulitegemea uamuzi wa mahakama.

Marekebisho hayo, yaliyoanza tarehe 1 Agosti 2025 kwa mashauri yaliyofunguliwa kuanzia siku hiyo, yana mengine mawili yanayowahusu moja kwa moja. Kwanza, msuluhishi sasa ana uwezo wa wazi wa kutoa tuzo ya mkato juu ya dai au utetezi usio na tumaini la kweli kufaulu. Utetezi wa mistari miwili, "mzigo ulikuwa mzuri", unaweza kuishia hapo. Hata hivyo chombo hicho kinakata pande zote: ikiwa nusu ya bei inadaiwa waziwazi na mnunuzi hana jibu, ombeni ninyi. Pili, mlango wa kwenda mahakamani baadaye kupinga mamlaka umebanwa kwa yule aliyeshiriki, kwa kuwa ushahidi na hoja ambazo angeweza kumpa msuluhishi hazipokelewi tena kirahisi. Msiweke akiba ya hoja.

Kuhusu ushahidi, shauri lenu lote litasimama juu ya sampuli. Tafuteni cheti cha unyevu kilichopimwa kabla ya kufungwa kontena, kikitaja njia ya kipimo. Orodha ya uzito wa kila robota. Risiti ya mizani. Namba ya lakiri. Na tarehe za mvua kama mzigo ulisubiri bandarini. Kisha waulizeni sampuli yao ilichukuliwa lini, na nani, kutoka marobota mangapi, na kama ninyi mlialikwa kushuhudia. Mwani mkavu hunyonya unyevu wa hewa. Sampuli iliyochukuliwa ghalani kwao wiki kadhaa baada ya kontena kufunguliwa haisemi mengi juu ya hali yake siku ya kupakia, na hapo ndipo pa kushikilia.

Mwisho, gharama. London anayeshindwa kwa kawaida hubeba gharama za mwenzake. Ndiyo maana inafaa mapema kutoa pendekezo la maelewano lenye maneno kwamba msuluhishi asioneshwe mpaka afike kwenye suala la gharama. Mkipendekeza kulipa kiasi fulani na tuzo ikatoka chini ya hapo, gharama za kuanzia tarehe hiyo zinaweza kumgeukia mnunuzi.

Hukumu ya Muscat, nyumba ya Mji Mkongwe

*Nilishinda kesi ya madai Muscat dhidi ya mshirika wangu wa biashara. Amerudi Unguja, ana nyumba Mji Mkongwe na akaunti benki. Nikiileta hukumu Mahakama Kuu, wataikaza?*

Hawataikaza, yaani hawataitekeleza, kama ilivyo. Hukumu ya Oman inasafiri kwa urahisi kwenda Emirates au Saudi Arabia kwa mikataba ya nchi za Ghuba na ya nchi za Kiarabu. Tanzania haimo katika mikataba hiyo. Mkataba wa The Hague wa 2019 wa kutambua hukumu za madai, ambao unazungumzwa sana siku hizi kwa kuwa ulianza Umoja wa Ulaya tarehe 1 Septemba 2023 na Uingereza tarehe 1 Julai 2025, nao hautugusi kwa sababu hatumo.

Njia iliyobaki ni kufungua shauri jipya hapa ukiitumia hukumu ya Muscat kama msingi wa dai. Mahakama zenye asili ya sheria ya Kiingereza, kama zetu, haziisikilizi kesi upya kutoka mwanzo. Zinauliza maswali machache: mahakama ile ilikuwa na mamlaka juu ya mtu huyu? Alipewa taarifa ya haki? Iliamua kiini cha madai? Hakuna udanganyifu? Hukumu ni ya mwisho? Hukumu nyingi za nje huanguka kwenye swali la taarifa. Mdaiwa alikwishaondoka Muscat, wito ukabandikwa au ukatangazwa gazetini huko, hukumu ikatoka bila yeye kuwepo. Mdaiwa akithibitisha kwamba mdai alijua namba yake na anwani yake ya Unguja na hakuitumia, mambo yanakuwa magumu.

Leta nakala ya hukumu iliyothibitishwa na mahakama, cheti kwamba rufaa haipo au muda wake umekwisha, uthibitisho wa kupelekewa wito, na tafsiri kutoka Kiarabu iliyofanywa na mfasiri anayekubalika. Vyote vithibitishwe kwa njia ya wizara ya mambo ya nje ya huko na ubalozi. Pamoja na shauri, omba siku hiyohiyo zuio la muda dhidi ya kuuza nyumba, ukieleza kwa kiapo ishara za kwamba anataka kuihamisha. Kusema "naogopa atauza" hakutoshi. Dalali aliyekwishatangaza nyumba ni ushahidi. Na usikawie, muda wa ukomo unahesabiwa.

Mngekuwa mmekubaliana usuluhishi Muscat, leo ungekuwa na njia fupi zaidi, maana Oman imo katika Mkataba wa New York tangu 1999. Kwa tuzo, Mkataba unataka nyaraka mbili tu, tuzo yenyewe na makubaliano ya usuluhishi, pamoja na tafsiri, na sababu za kuikataa zimehesabiwa. Komoro nayo imo tangu 2015, kwa wale wanaofanya biashara na Moroni na Mutsamudu.

Je, sheria ya usuluhishi ya 2020 inatumika Zanzibar?

*Kampuni yetu ya Fumba imepewa mkataba na mkandarasi wa Dar es Salaam. Kifungu kinasema "usuluhishi kwa Sheria ya Usuluhishi ya Tanzania ya 2020, pahala ni Zanzibar".*

Kifungu hicho kinavuta pande mbili. Usuluhishi haumo katika orodha ya mambo ya Muungano. Sheria ya 2020, iliyoanza kutumika tarehe 18 Januari 2021, ni ya Tanzania Bara. Mkiandika pahala pa usuluhishi ni Zanzibar, mahakama ya kusimamia ni Mahakama Kuu ya Zanzibar na sheria zake. Mkiandika sheria ya Bara juu yake, mtatumia mwaka wa kwanza wa mzozo kubishana nani amteue msuluhishi na nani asikilize pingamizi.

Chagueni moja kabla ya kusaini. Mkitaka sheria ya 2020, pahala pawe Dar es Salaam au Arusha, na vikao bado vinaweza kufanyika Fumba. Pahala pa kisheria na ukumbi wa kikao ni mambo mawili tofauti, na kifungu kinaweza kusema hivyo. Amri ya mahakama ya upande mmoja inaweza kupelekwa kutekelezwa upande wa pili kwa utaratibu wa ibara ya 121 ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano, kwa kufuata taratibu za pahala inapotekelezwa. Kumbukeni pia kwamba wakili wa Bara huenda hayumo kwenye daftari la mawakili wa Zanzibar, na kinyume chake. Ulizeni hilo mapema, msilisubiri hadi asubuhi ya maombi ya dharura.

Tuandike nini mkatabani?

*Tuna hoteli ndogo pwani ya mashariki. Wakala wa utalii wa Italia atatuletea wageni kwa misimu mitatu na kulipa siku 45 baada ya wageni kuondoka. Rasimu yake inasema: "Migogoro inaweza kupelekwa kwenye usuluhishi au mahakama za Milano." Tuna wasiwasi.*

Wasiwasi wenu una msingi. Neno "inaweza" na neno "au" ndani ya sentensi moja yanatosha kumpa mwenye pesa miezi ya kuchelewesha. Na jambo la kwanza la kuuliza ni: huyu asipolipa, mali yake iko wapi? Yuko Italia. Hukumu ya Zanzibar haina mkataba wa kuibeba hadi Milano. Tuzo inabebwa na Mkataba wa New York. Kwa hiyo usuluhishi ni wenu kuutaka, alimradi uandikwe vizuri.

Maneno haya mnaweza kumpelekea wakili wenu ayarekebishe:

"Mzozo wowote unaotokana na mkataba huu au unaohusiana nao, pamoja na suala la kuwepo kwake, uhalali wake au kuvunjika kwake, utaamuliwa kwa mara ya mwisho kwa usuluhishi chini ya kanuni za [kituo] zinazotumika siku madai yanapofunguliwa. Msuluhishi ni mmoja. Pahala pa kisheria pa usuluhishi ni [mji]. Lugha ni Kiingereza. Mkataba huu unaongozwa na sheria ya [nchi]. Makubaliano haya ya usuluhishi yenyewe yanaongozwa na sheria ya [nchi ya pahala pa usuluhishi]. Notisi zitapelekwa kwa anwani na barua pepe zifuatazo, na mabadiliko yatatangazwa kwa maandishi."

Sentensi ya sheria ya makubaliano ya usuluhishi yenyewe watu wengi huiacha. Uingereza, tangu uamuzi wa Mahakama ya Juu wa 2020 katika shauri la Enka na Chubb, mkataba ukichagua sheria ya nchi fulani, kwa kawaida sheria hiyo ilifuata hadi ndani ya kifungu cha usuluhishi. Sheria ya 2025 imeligeuza hilo: sasa ni sheria ya pahala pa usuluhishi, mpaka wahusika waseme waziwazi vingine kuhusu kifungu hicho chenyewe. Nchi nyingine zina jibu lao. Mstari mmoja unamaliza ubishi wote huo.

Kituo kipi? Kwa deni la ukubwa wenu, ogopeni gharama kuliko umbali. ICC ya Paris inataka dola 5,000 zisizorudishwa kwa kufungua tu, kisha amana za msuluhishi. Ina njia ya haraka inayotumika yenyewe kwa madai yasiyozidi dola milioni 3 pale mkataba uliposainiwa kuanzia 2021, na tuzo inalengwa ndani ya miezi 6 tangu mkutano wa kupanga ratiba, lakini kwa deni la dola 20,000 bado ni ghali. Singapore, kwa kanuni za SIAC zilizoanza tarehe 1 Januari 2025, imeanzisha njia nyepesi zaidi kwa madai yasiyozidi dola milioni 1 za Singapore, tuzo ikilengwa ndani ya miezi 3. Karibu na hapa kuna kituo cha Nairobi na cha Kigali; Kenya imo katika Mkataba wa New York tangu 1989, Rwanda tangu 2008, na tuzo zao Italia itazipokea kwa Mkataba huohuo. Kwa hoteli ndogo, sisi tungeanzia hapo.

Kama mwenzenu angekuwa wa Afrika Mashariki, ipo pia Mahakama ya Afrika Mashariki ya Arusha. Ibara ya 32 ya Mkataba wa Jumuiya inairuhusu kusuluhisha mikataba ya kibiashara iliyoipa mamlaka hayo, na kwa kuwa majaji wake ndio wasuluhishi, wahusika hawalipi ada za wasuluhishi binafsi. Inashangaza jinsi wafanyabiashara wachache wanavyoitaja.

Msiandike "Mahakama ya Biashara ya Kimataifa ya Geneva" wala jina lolote ambalo hamjalihakiki kwenye tovuti ya kituo chenyewe. Msitake wasuluhishi watatu kwa deni dogo, ada inazidishwa mara tatu. Na kifungu kizuri kuliko vyote hakishindi kulipwa kabla: punguzeni siku 45 ziwe 15, au ombeni amana ya msimu, na kifungu hiki kibaki kwa ajili ya salio.

Ndege kuzuiwa kwa deni la serikali

*Ndege ya Air Tanzania iliwahi kuzuiwa nje kwa sababu ya madai ya kampuni. Je, mali ya serikali si haikamatwi?*

Mali ya serikali ina kinga, na kinga hiyo ina mipaka. Nchi nyingi hulinda mali ya kazi za kidola, kama akaunti ya ubalozi au meli ya kivita, na huacha wazi mali inayotumika kibiashara. Ndege ya abiria huangukia katikati, hivyo wadai hujaribu. Agosti 2019 moja ilizuiwa Johannesburg, na mahakama ya huko ikaiachia Septemba. Desemba 2022 nyingine ikazuiwa Uholanzi kwa ajili ya tuzo ya ICSID, kituo cha Benki ya Dunia cha migogoro ya wawekezaji na serikali, juu ya mradi wa sukari wa Bagamoyo. Tuzo za ICSID hazipingwi kwa sababu za Mkataba wa New York, ila ibara ya 55 ya mkataba wake inaacha sheria za kinga za kila nchi ziamue kipi kinakamatika.

Tuzo yenyewe inaweza kuangushwa panapothibitika udanganyifu. Mwaka 2023 Mahakama Kuu ya London ilitengua tuzo dhidi ya Nigeria ambazo pamoja na riba zilifika takriban dola bilioni 11, baada ya kuona rushwa na ushahidi wa uongo. Kwa anayefanya kazi na taasisi ya serikali, yetu au ya kigeni, ombeni mkatabani kifungu cha wazi cha kuondoa kinga dhidi ya utekelezaji, si dhidi ya kushitakiwa tu. Ni vitu viwili, na kuondoa kimoja hakuondoi kingine.

Mzigo umetolewa bila hati

*Nilisafirisha viungo vikavu. Meli imefika, wakala akamkabidhi mnunuzi mzigo bila hati halisi ya shehena, na mnunuzi hajalipa. Ni miezi 10 sasa. Wakala wa Malindi ananambia "subiri makao makuu wajibu".*

Ndugu, usisubiri. Hati nyingi za shehena zinafuata Kanuni za The Hague au The Hague-Visby, ambazo ni kanuni za kimataifa za kusafirisha mizigo baharini, na dai dhidi ya mwenye meli hufa mwaka 1 ukitimia tangu mzigo ulipokabidhiwa au ulipopaswa kukabidhiwa. Kulikuwa na watu wakidhani kikomo hicho hakiwahusu waliotolewa mzigo bila hati. Mei 2023 Mahakama ya Rufaa ya Uingereza, katika shauri la meli Giant Ace, ilisema chini ya Hague-Visby kinawahusu hata kama mzigo ulitolewa baada ya kushushwa.

Una takriban miezi miwili. Soma nyuma ya hati ujue mambo matatu: nani hasa ni msafirishaji (mara nyingi si yule mwenye nembo juu ya karatasi, na kamwe si wakala wa bandarini), sheria gani, na mahakama au usuluhishi wa wapi. Kisha omba nyongeza ya muda kwa maandishi, kutoka kwa msafirishaji mwenyewe au klabu yake ya bima, ikitaja jina la meli, namba ya hati na tarehe mpya. Jibu la wakala kwamba "tunalishughulikia" halisimamishi kitu. Usipopata nyongeza wiki tatu kabla ya kikomo, fungua madai kwenye pahala palepale palipotajwa nyuma ya hati. Kama ni London kwa usuluhishi, notisi ya kuteua msuluhishi ifike kabla ya siku hiyo. Na madai yasiyozidi dola 100,000 mnaweza kukubaliana yaende kwa utaratibu wa madai madogo wa chama cha wasuluhishi wa bahari cha London, LMAA. Kesi uliyoifungua Mahakama Kuu ya Zanzibar, Tunguu, wakati hati inataja London haitasimamisha muda wa huko, hata kama mahakama yetu itaipokea na kuipangia tarehe.